Punje ya Mchele

Nizwa, dukani kwa Suleyum. Mizani ya betri,
namba nyekundu. "Hii haikosei, dada."
Naweka risasi moja. Naiweka tena.
Kiyoyozi kinapuliza, namba zinacheza.
"Kizime kwanza," namwambia.

Baba alipima baruti ya Idi kwa mizani ya shaba,
feni imezimwa, madirisha yamefungwa,
sisi watoto tumebana pumzi:
baruti haina samahani.
Kwenye sahani ya kushoto ilikaa punje ya mchele,
mwaka nenda, mwaka rudi.
Tulipotoka matangani niliifuta. Nilidhani uchafu.

Tangu siku ile shaba imelala upande.

Kiyoyozi kimya. Namba imetulia.
Nifungie, Suleyum.
Nyumbani kuna gunia zima la mchele;
nikaitafute punje yake.