Tundu la Pipa

Khelef alirudi kutoka melini na vitu vitatu:
redio isiyoshika stesheni,
kikohozi,
na neno moja la Kiingereza.
Alitwambia penye bomba la Kuze, ndoo zimepangwa,
kwamba mabaharia wa kale waliweka pipa la maji sitahani,
wakalitoboa ili mwenye kiu achovye kikombe.
Watu wakaja kunywa
wakasimama kunong'ona:
nahodha kanuna, mshahara hauji,
fulani ana mke bandari hii na mwengine bandari ile.
Mwisho pipa lenyewe likawa jina la porojo.
"Kwa Mzungu," akasema, "fununu ni pipa lenye tundu."

Bi Mwanashee alicheka hadi leso ikamvuka bega.
"Sisi tuna debe tupu. Hatukungoja meli."
Tukabishana mpaka maji yakakatika.
Debe hupiga kelele kwa kuwa halina kitu.
Pipa linacho, ila linavuja.

Mimi kuvuja nakujua.
Alfajiri moja, nakinga dumu la manjano,
nilisema: "Posa ya Rukiya imerudishwa."
Basi. Sikutia chumvi wala ndimu.
Lilipofika Sparki neno lilikuwa na mimba,
lilipovuka feri kwenda Likoni lilikuwa na pacha,
liliporudi Kuze magharibi
lilikuwa na jina langu.
Ramadhani nne sasa
sijaonja kaimati za mamake Rukiya.

Kisha yakaja matangi.
Meusi, juu ya kila dari,
maji yanapanda kwa pampu
hayapiti tena mbele ya mdomo wa mtu.
Bomba likaota kutu, paka wakazalia pale.
Nami, nisiseme uongo, nilishukuru.

Mwezi wa Rajabu Bi Mwanashee akateleza msalani.
Alilala sakafuni siku mbili.
Siku mbili, Kuze, ukuta kwa ukuta!
Zamani ndoo yake ikichelewa robo saa
foleni nzima ingeuliza:
yuko wapi huyu, au kaolewa?

Aliyembaini ni mamake Rukiya,
alikwenda kumsimulia jambo.
Jambo gani? Hakuniambia.
Lakini alinibishia mlango mimi wa kwanza,
tukambeba pamoja, yeye kichwani, mie miguuni,
na katika teksi ya kwenda Makadara
tulizungumza habari za joto.

Juzi nilimpelekea maji hospitali,
chupa ya lita moja, ya baridi.
Nyonga imefungwa, macho mazima.
Nikamwambia nimemkumbuka Khelef na pipa lake.
Alikunywa taratibu, akafuta mdomo kwa ncha ya shuka,
akatazama kitanda cha kulia, akatazama cha kushoto,
akanivuta mkono.

"Haya," akasema. "Toboa."