Pengo la Ishirini

Bi Mishi kaja nayo ndani ya leso,
leso ya msiba, pindo bado lanuka udi.
"Jana tumemaliza arobaini," anambia.
"Leo nataka hii ifunguke."
Kaiweka mezani, kando ya sahani yangu ya viazi karai:
diski ya zamani, nzito kama mche wa sabuni,
chumvi ya hewa ya Kibokoni imeshazila skurubu zake.
Kompyuta yenyewe ilikufa kabla ya mwenyewe.

Mumewe, Shali wa duka la bizari,
humo ndimo alimoandika madeni.
"Si aliyowadai watu. Hayo niliyasamehe
jeneza likiwa bado uani.
Nataka aliyodaiwa."

Nami kompyuta inayowaka leo ni moja tu,
madabodi yake mpya, imeshuka juzi na basi la Nairobi.
Nageuza diski. Nahesabu, ingawa najua:
sindano arobaini kasoro moja,
safu mbili, na ile ya ishirini haipo.
Nautazama ubao:
vijitundu vinne vyembamba vya sata,
na kijipango cha diski za siku hizi, zile bapa kama chingamu.
Mdomo mpana hakuna.
Twaiita mama, lakini mwana huyu hakumzaa yeye.

"Haiingii?"
Haiingii, Bi Mishi, na kisichoingia hakisukumwi.
Nimewaona vijana wakikandamiza kwa kidole gumba
hadi sindano zikalala kama majani yaliyopitiwa na mbuzi,
na picha za harusi ya mtu zikaenda zao.
Kuna ya kutazama kabla ya umeme:
mdomo, waya, volti, upande.
Chanda chema huvikwa pete,
ila pete nayo ina kipimo chake.

Nikamtuma Nyevu mbio hadi Mwembe Tayari,
kwa Mwakio mwenye kapu la waya mfu.
Alete mkalimani: huku meno ya kale, huku ulimi wa leo.
Shilingi mia nane; akilia sana, mia saba.

Tukangoja. Feni ikazungusha joto lile lile.
Bi Mishi akainama juu ya diski.
"Na hili jino? Limeoza?"
La. Hilo halikutiwa, kwa makusudi.
Waya nao una tundu moja lililozibwa, papo hapo.
Pengo likikutana na kizibo, ndio upande wenyewe.
Ukigeuza, hakuingiliki.
Lau meno yangetimia,
tungeunguza vitu bila hata kusita.

Akanyamaza. Akaifunga leso, akaifungua.
"Hata kitandani," akasema, "ndivyo ninavyoujua upande wangu."

Nyevu karudi na mkalimani, na chenji pungufu, sikumuuliza.
Nikaing'oa jampa, kijiplastiki kama punje ya mchele
kinachoamua diski ipi bwana, ipi mtumwa.
Hapa iko peke yake. Haina bwana.
Nikachomeka. Pengo kwa kizibo.
Umeme.

Kimya.
Kisha tik. Tik.
Kisha ule mvumo, kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kusema alilolificha.
Ubao ukaitambua, ukaandika jina lake na ukubwa wake:
gigabaiti arobaini.

*Iliki, Mwanzele wa Kongowea, 2,400.*
*Karafuu, yule Mpemba, nusu nimelipa.*
*Mshona magunia.* Jina halipo, pesa hazipo.
Na chini kabisa:
*fundi wa Kibokoni, waya, 350.*

Mafundi hapa tulikuwa watatu.
Mmoja yuko Maskati, mmoja tumemzika.
Mimi sikumbuki waya wowote.

Bi Mishi kashahesabu: mia, mia, mia, hamsini,
akazisogeza hadi kwenye ukingo wa sahani.
Sikuzigusa.
Nikalishika lile deni kichwani, nikaligeuza,
huku, na huku,
nikitafuta pengo lake.