Digrii Thelathini na Tisa

Saa kumi na mbili na nusu, Januari, giza totoro.
Sturla amefungua mlango, amemwaga chumvi kwenye vigae,
nasi tunakimbia pekupeku, mabega juu, meno yakigongana,
hatua kumi na moja (nimezihesabu miaka ishirini)
toka mlangoni hadi kwenye birika la maji moto.
Kisha: aah.
Hiyo ndiyo salamu yetu. Hakuna aliyewahi kuiboresha.

Halafu siasa.

Hallvarður huanza, maana yeye huamka keshanuna.
Asema wameiuza bahari,
wameikata vipande kama keki ya kipaimara,
wakagawana binamu kwa binamu huko Reykjavík,
na aliyevua chewa miaka arobaini kabaki kulamba uma.
Ulisema hivyo jana, asema Ragnheiður.
Na kesho nitasema, kwa sababu kesho itakuwa kweli vilevile.

Ragnheiður alikuwa posta. Barua zimekwisha, yeye bado anasambaza:
nani kauza nyumba,
nani kanunua gari la umeme likamzimikia mlimani,
mtoto wa nani karudi toka Kopenhagen na pete puani.
Na siagi! Mmeiona bei ya siagi?
Hapo hata Hallvarður hunyamaza, kwa heshima.

Mimi naendesha basi la shule. Zamu yangu ni barabara:
wapi theluji imeporomoka, wapi pana utelezi,
na lile handaki waliloahidi kabla sijaolewa.
Nimeolewa, nimeachika, wanangu wameota ndevu,
handaki lingali kwenye ramani, la vidoti.

Tunabishana hadi vidole vinakunjamana.
Hapa hakuna refa.
Mvuke unapanda, unaondoka na nusu ya maneno,
na pengine ni ile nusu ambayo ingeumiza.
Nywele zinaganda, sote tunaota mvi,
hata kijana Eldar, ambaye hana maoni,
ana baridi tu.

Asubuhi ya leo akaja Dagný.
Diwani. Jumanne usiku walipiga kura kulifunga bwawa:
siku nne kwa wiki, kisha tutaona.
Tunaijua hiyo tutaona.
Ndiyo iliyokula benki, ikala posta,
ikala wodi ya wazazi, sasa tunazalia njiani, ndani ya theluji.
Siku tatu tumemtafuna Dagný bila chumvi.
Na huyu hapa, na vazi lake la kijani lililopauka makalioni,
na kovu la upasuaji gotini.
Maji kayavulia nguo, kaja kuyaoga, tena mbele yetu.
Alipokaa, yakapanda kidogo
shingoni mwa kila mmoja.

Kimya. Redio ya Sturla ikasoma vita vya mbali,
ikasoma upepo, mita kumi na nane kwa sekunde.

Nilisema ndiyo, akasema Dagný. Hakuna aliyemuuliza.
Nilipiga hesabu mara tatu. Ni bwawa, au mwalimu wa pili.
Nikainua mkono. Nikaenda nyumbani, sikulala.

Hallvarður akafungua kinywa.
Nikajua: bahari, keki, binamu.
Theluji ikatua kwenye nyusi zake, ikayeyuka,
ikamchuruzika shavuni, asiifute.
Huyo mwalimu wa pili, akasema,
ndiye anayemfundisha mjukuu wangu kusoma?
Ndiye.
Anasoma sasa. Majuzi kanisomea kopo zima la rangi.

Akaguna. Akasogea.
Akaiacha pembe yake, pale bomba linapotema joto,
pembe ambayo hajampisha hata mchungaji wa kanisa.
Pita huku, akasema, unatetemeka.
Sijakusamehe.

Sturla akaleta kahawa, vikombe vinne kama kawaida.
Tukapokezana.
Ragnheiður akauliza kama kuna mtu aliyeona bei ya siagi,
na Hallvarður akajikohoza, akamgeukia diwani:
Sasa. Tuanze na bahari.