Mahali Pepesi

Chombo chenyewe ukubwa wake debe la mafuta ya taa,
kimevikwa koti la sponji kama mtoto njiti.
Injinia Kasyupa hukishusha garini
kwa mikono miwili, hasemi, hapumui.
Ndani, anasema, kuna uzani mdogo
unaoning'inia kwenye springi nyembamba kuliko unywele.
Penye mwamba mzito chini, unavutwa zaidi.
Penye chumvi, penye kitu laini, unavutwa kidogo.
Basi. Ndiyo kazi nzima.

Mimi karani. Naandika namba ya kituo, saa, kimo,
na tarakimu anazozitamka polepole
kama anahesabu fedha za watu.
Alfajiri tunaanzia kwenye zege la msikiti wa Mandawa,
jioni tunarudi pale pale kupima tena,
maana chombo nacho huchoka, huyumba,
kama dalali aliyeshinda juani akitaja bei.
Na mwezi pia. Huu sikuuamini.
Mwezi huivuta nchi kavu kama unavyovuta maji,
kijiji kizima kinanyanyuka na kushuka, na minazi yake,
na hatuna habari.
Lazima tuutoe kwenye hesabu.

Mama yangu aliuza korosho kwa kangomba.
Bakuli la mnunuzi lilikuwa limetanuliwa kitako kwa moto,
halijai.
Ikaja mizani ya chama, na chini ya sahani
mtu akagundua sumaku.
Nimekua nikijua kwamba mizani ni mtu, ina tumbo.
Ile mizani nyingine, ya baba,
nane kwa nane, kwa vidole juu ya goti,
ndiyo pekee iliyokuwa haiibi nyumbani kwetu,
na haikununua hata chumvi.

Kituo cha mia mbili na kumi na nne
kiliangukia nyuma ya mashine ya Sijaona Libubulu.
Injinia akamwomba azime. Dakika tano tu.
Foleni ya ndoo za makopa ikanuna.
Watoto wakaambiwa wasikimbie, ardhi inasikia nyayo.
Bi Esha Nguli, ng'ambo ya ua, alikuwa anatwanga;
nikampungia mkono,
naye akaganda, mchi juu, kama aliyeitwa jina na asiyemwona.
Kikawa kimya ambacho mchana wa kwetu hauna,
hata msibani.
Injinia akainama. Akasoma mara tatu.

Wiki ya nne akatandaza ramani juu ya boneti.
Kandokando, kuelekea vilima, nyekundu.
Katikati, rangi ya maji ya bluu ya kufulia,
na ndani ya bluu, sisi:
msikiti, shule, mashine, kaburi la baba.
Hapa kwenu, akasema, ardhi ni nyepesi.
Huenda ni chumvi, bahari iliyokauka kabla ya mtu kuwa na jina,
imeelemewa, ikapanda juu kama unga ulioumuka.
Huenda mbavuni mwake gesi imejiegemeza.
Huenda. Neno hilo halimtoki mdomoni.

Libubulu akaja akijipangusa unga kwenye nyusi.
Haya, mmekuta nini?
Upungufu, nikasema, ndivyo unavyoitwa.
Akacheka hadi akashika gari.
Huo tunao miaka yote, mwanangu.
Mngeuliza tu, msingenizimia mashine.

Nilimwuliza injinia, tukikunja kamba:
mtu akisimama karibu, naye anavuta?
Anavuta, akasema. Kila kitu kinavuta.
Lakini kwa chombo hiki hasomeki.

Daftari lina safu ya mwisho, ya maelezo.
Huwa naandika: upepo. Lori limepita. Mbuzi.
Usiku ule, kwa tochi ya simu, nikarudi nyuma kurasa kadhaa,
kwenye mia mbili na kumi na nne, palipokuwa patupu,
nikaandika: mchi ulikuwa hewani.