Chaki, Barabara ya Kumi na Tisa

Usichague kwa rangi, Singano.
Buluu zote hufanana zikiwa ndani ya boksi,
kama ahadi midomoni mwa washenga.
Ishike, ipime kiganjani:
ikiwa nyepesi kama ganda la korosho, irudishe.
Ipitishe ukucha pembeni.
Ikimwaga unga kama andazi la jana
hiyo itavaa meza, haitavaa fimbo,
na kitambaa nakipiga brashi mimi, si wewe.
Nzuri hung'ang'ania. Huacha alama kidoleni,
na alama haitoki kwa kupuliza.

Pale Mgandini wanauza kumi na mbili kwa elfu tatu.
Nilizinunua mwaka wangu wa kwanza, nikajiona mjanja.
Juma zima watu wakateleza,
fimbo zikilia kwak, kwak, kama mabata ya Mwanjaa,
nami nikasema ni mikono yao.

Halafu kuna masika.
Mwezi wa nne hapa Ngamiani hata chumvi hulia koponi,
chaki hunywa unyevu ikageuka sabuni.
Yangu huilaza kando ya jiko la vitumbua,
si karibu, kadiri paka anavyokaa.
Asubuhi imekauka, inanukia iliki.
Wanaocheza kwangu hawajui
kwa nini mikono yao hunuka sikukuu.

Sasa kupaka.
Usikoroge. Hiki si kinu, na huo si mchi.
Tazama hii ilivyotobolewa, imebaki karatasi:
kazi ya Kibwana, fundi pikipiki,
kila kitu kwake ni nati ya kukazwa.
Chaki yenye shimo hupaka fimbo mashavu,
utosi ukabaki mkavu,
na kinachogonga ni utosi.
Pitisha kama unampaka mtoto wanja,
upande, upande, fimbo ikizunguka taratibu,
jicho kwenye ngozi, si kwa watazamaji.
Mara moja kila pigo.
Si mara sita ukiogopa.

Ijumaa ile, Mhina wa machungwa alipokuja kutoka Muheza
na chaki ya kijani, ya ng'ambo, imenata kiunoni kwa sumaku,
akipiga anapaka, akipaka, tak! inarudi kiunoni,
mlitazama kiuno kuliko meza.
Elfu kumi ilikuwa chini ya kopo.
Ukabakiza mweusi tu, kona ya mlangoni.
Nikafungua pindo la kanga nikakupa yangu.
Ukapaka vizuri, nilikuona. Upande, upande.
Ukakosa.
Mweusi uligusa mdomo wa shimo, ukafikiri, ukakataa.
Ukaniangalia mimi. Kisha ukaiangalia chaki.

Mwanangu, mimi ni mtu wa Pongwe, mbaazi nimezilima.
Nazijua zinavyosema zikikosa maua,
na jua nalijua, halijawahi kujibu.

Chaki haipigi.
Inashikisha tu cha mviringo kwa cha mviringo
kwa muda wa kufumba jicho,
ili ulichokusudia kipate pa kupita.
Ukikusudia kombo
kitapita vilevile, kombo, bila kuteleza.

Nikwambie na hili, kisha ulipe mia tano yako.
Usiku ule Mhina alisahau chaki yake ukingoni mwa meza.
Nikafunga mlango, nikaupanga mweusi pale pale ulipokuwa.
Nikapaka ya kijani. Nikakosa.
Nikapaka yangu. Nikakosa, tena vibaya zaidi.
Mara ya tatu nilikuwa nawaza unga wa mchele,
kwamba sijauloweka,
nikapiga bila kupaka chochote.
Ukaingia kama mwenye nyumba.

Usimwambie Kibwana.

Alfajiri nageuza vitumbua, Mwanjaa kashika sahani,
ananitazama kidole gumba, buluu hadi kwenye kiungo.
"We Mwantumu," anauliza, "kura umepiga lini?"
Nikampa vitano, vya moto, asiulize.
Cha juu kabisa kilikuwa na alama.