Nane

Kulabu niliinunua Ibra, soko la Jumatano,
la wanawake watupu,
baina ya muuza ubani na muuza sidiria.
Baisa mia tano, plastiki, rangi ya ufizi.
Muuzaji alinitazama vidole. Mgeni?
Sikujua aniuliza ugeni wa mji au wa kazi.
Nikaitikia yote mawili.

Shali ya nini, nchi ambayo kigae cha uani
kinaweza kukaanga yai?
Ya ofisini. Mkuu wa shule ameganda
kwenye nyuzi kumi na sita za kiyoyozi,
na rimoti anayo yeye, mfukoni.
Miye nina nyuzi tatu za kumjibu:
kijivu, hudhurungi ya ndimu kavu,
na kijani kile kile cha mlango wa Bi Zayana.

Bi Zayana hana Kiswahili.
Kiarabu changu ni cha dirishani:
muhuri hapa, picha mbili, rudi kesho.
Basi alifundisha kwa kunikamata mkono.
Zungusha uzi. Choma. Vuta.
Pita kwenye viwili, pita tena kwenye viwili.
Akiona nimekaza mno hunipuliza vidoleni
kama anayepoza uji wa mtoto.

Jambo moja nililishika siku ya kwanza:
mlia mpya hauanzii mwanzo wa mstari.
Rangi hubadilishwa kitanzi cha mwisho
cha mstari unaokwisha, kabla hujageuka.
Ukisubiri ugeuke, umechelewa,
kijivu kitachungulia kwenye kijani
na kila mtu atajua.

Vitanzi sabini. Tulihesabu kwa sauti,
yeye kwa chake, mimi kwa changu,
kulabu mkononi mwangu, kidole chake juu ya kazi.
Moja, wahid. Kila mtu na njia yake.
Tatu na thalatha zikapigana vikumbo.
Tano, khamsa, bado hatujuani.
Halafu, sita!
Sitta!
Tukainua macho.
Saba tukaisema kwa kinywa kimoja, karibu,
yeye akiimezea kooni, mimi nikiiacha wazi.
Nane, nikasema. Thamania, akasema,
na hapo kitanzi kikatuponyoka,
kila mmoja akidhani mwenzake amekishika.
Tisa tukakutana tena
kana kwamba hapakutokea kitu.

Kila mstari ukapungua kimoja.
Hatukuona. Milia ilikuwa mizuri mno,
na kahawa ilikuwapo, na habari za binti yake wa Sur
ambazo nilizielewa kwa nyusi.
Mstari wa ishirini na sita, mjukuu wake, Azzan,
akatoka ndani na simu yake, akasimama, akacheka:
upande mmoja umenyooka,
upande wa pili unashuka kama paa lililochoka.

Nikashika ncha ya uzi nifumue.
Kufuma na kufumua, herufi moja tu, kitanzi kimoja tu,
wiki tatu zingeisha kabla kahawa haijapoa.
Bi Zayana akanipiga kofi la mkono.
La.
Akajitupia kazi begani, mshazari ukaangukia kifuani,
akenda nayo mpaka mlangoni, akasimama kwenye kijani chake,
akarudi, akanikabidhi.
Endelea kukosea vivyo hivyo, ilisema mikono yake,
ila sasa kosea kwa makusudi.

Kwa hiyo mstari wa ishirini na saba
tuliuanza kama watu wenye akili.
Jua limeingia mpaka kwenye mkeka,
Azzan amekaa ashuhudie.
Sita, tukakutana. Saba, tukakutana.
Nami, kwa adabu, nikasema: thamania.
Naye, aliyekuwa akijifunza kimya kimya
wiki zote hizo, akanitazama usoni
na kusema, taratibu, kama anayetoa zawadi:
nane.