Nafsi ya Tatu

Saskatoon, Februari, ukumbi wa mazoezi wa shule.
Viti vya kukunja chini ya goli la kikapu,
theluji inayeyuka mabutini, inachora visiwa sakafuni.
Kushoto beji za njano: MZAZI KWANZA.
Kulia skafu za rangi saba.
Kila upande umekuja na karatasi zake,
na kila upande unamtaja mtoto wa Masika
kana kwamba ndio waliomwogesha.

Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa saa.
Nimekaa kati ya Masika na kipaza sauti,
nina chupa ya maji na kalamu ya kuazima.
Mwenyekiti anasema: dakika mbili.
Yaani moja, ukitoa mdomo wangu.

Masika anasimama na koti lake.
"Mwanangu," anasema, "leo amekula."
Basi. Ananitazama.

Hapo ndipo ninapokwama,
maana *a* yetu ni moja tu:
amekula, amelala, amelia, ameniambia,
herufi moja, mlango mmoja, wote hupita
bila kuulizwa kitambulisho.
Kiingereza kina milango miwili,
na watu mia mbili wanangoja
nitashika kitasa kipi.
Mzee wa beji ameinamia mbele.
Binti wa skafu ameacha kutafuna.

Nasema: mtoto wangu. Mtoto wangu leo amekula.

"Miezi mitatu sahani nilizikuta mlangoni pake,
zimejaa vilevile."
Mtoto wangu, sahani, mlango.
"Babake anasema tungoje. Daktari anasema tuongee.
Mwalimu ana fomu. Mimi nina uji,
nataka kwanza upoe."
Mtoto wangu, uji.
"Na nyinyi, kitanda usichokilalia
hujui kunguni wake."
Nikatafsiri. Afisa wa afya akainua kichwa,
akaandika: *kunguni?*

Saa nyekundu ukutani, ile ya kuhesabia mechi,
ikafika sifuri, ikalia kama ng'ombe.
Nilikuwa nimesema *mtoto wangu* mara kumi na tisa,
mimi nisiye na mtoto.
Makofi hayakujua yaanzie upande gani.

Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Paluku, babake, ambaye jioni nzima
hakufungua kinywa wala zipu ya koti,
anakwangua barafu ya kioo kwa kadi ya maktaba.
Jina kwenye kadi limekatwa kwa wino,
juu yake limeandikwa jingine,
mwandiko wa mtoto, herufi zinapanda mlima.
Sikulisoma. Au nililisoma, silisemi.

"Ulimwita nani kwa Kizungu?"
"Nilimwita mtoto."

Hasemi ndiyo, hasemi siyo. Anapuliza vidole.
Alipomaliza kioo cha mbele
akazunguka nyuma, upande wa kushoto,
akakwangua na dirisha la anayekaa pale,
polepole, mpaka kwenye pembe,
ingawa leo hakuja.